Kutoka Kambini hadi Kamati ya Wahitimu: Mwongozo Kamili kwa Afisa Mstaafu wa Jeshi Anayegombea Uongozi wa Umoja wa Shule Aliyosoma

Umeombwa, au umeamua mwenyewe, kugombea nafasi katika uongozi wa umoja wa wahitimu wa shule yako ya sekondari. Ulitoka pale na cheti chako, ukapita Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), ukaenda chuo cha maafisa Monduli, ukavaa nyota, ukahamishwa kutoka kikosi kimoja hadi kingine kwa miaka thelathini au zaidi, na sasa uko nyumbani ukiwa na afya na muda. Jina lako likitajwa kwenye kundi la WhatsApp la wahitimu, watu wanaandika “Afande!” na kukurushia vikatuni vya saluti. Hapo ndipo wengi hudhani kazi imekwisha.

Nimesimamia uchaguzi wa miungano ya aina hii mara tatu, katika shule mbili tofauti, na kati ya maafisa wastaafu wanne waliogombea mbele yangu, watatu walishindwa. Uwezo walikuwa nao, tena wa kutosha. Kilichowaangusha ni kwamba jeshini madaraka huja na barua ya uteuzi, ilhali huku huombwa kwa watu wazima ambao baadhi yao uliwahi kuwaandika majina ulipokuwa kiranja wa bweni, na hawajasahau. Mwongozo huu umeandikwa kwa kufuata mazingira ya Tanzania Bara na shule za serikali, kwa kuwa ndiko ninakokujua.

Soma katiba kabla ya kumpigia simu mtu yeyote

Neno “bodi” linachanganya wengi, na mgombea asiyejua anagombea chombo gani huumbuliwa na swali la kwanza. Kuna kamati tendaji, ambayo ndiyo huendesha shughuli za umoja na ndiyo ambayo katika miungano mingi huitwa bodi. Kuna bodi ya wadhamini, ambayo husajiliwa kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, na kazi yake ni kushika mali za umoja kwa niaba ya wanachama. Halafu kuna bodi ya shule, ambayo ipo kwa mujibu wa Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 na wajumbe wake hawachaguliwi na wahitimu hata kidogo. Nilimsikia mgombea mmoja akiahidi kwamba akichaguliwa atambadilisha mwalimu wa nidhamu. Ukumbi ulikaa kimya, kisha mtu mmoja nyuma akauliza kwa upole kama afande anagombea ukuu wa shule.

Miungano mingi imesajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya aliye chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, kwa kufuata Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337. Mingine imesajiliwa kuwa mashirika yasiyo ya kiserikali chini ya sheria ya mwaka 2002. Mwombe katibu nakala ya katiba iliyosajiliwa, kwa kuwa ile inayozunguka kwenye simu za watu mara nyingi ni rasimu ambayo haikuwahi kupitishwa. Ukiipata, tafuta mambo haya na uyaandike kwenye daftari: nani anahesabiwa kuwa mwanachama hai na mwenye haki ya kupiga na kupigiwa kura; uongozi unadumu miaka mingapi na mtu anaruhusiwa vipindi vingapi; akidi ya mkutano mkuu ni watu wangapi; walio nje ya nchi wanapigaje kura, kama wanapiga; nani anateua msimamizi wa uchaguzi; na pingamizi hupokelewa ndani ya siku ngapi.

Angalia pia kama umoja huo uko hai kisheria. Jumuiya iliyosajiliwa hutakiwa kuwasilisha taarifa zake kwa Msajili kila mwaka, na miungano mingi ya wahitimu hulala usingizi katika jambo hili. Ukikuta taarifa za miaka kadhaa hazijapelekwa, usilitangaze kundini kana kwamba umemkamata mhaini. Mweleze katibu faraghani, muulize kilichokwamisha, na uweke moyoni kwamba hiyo itakuwa mojawapo ya kazi za mwanzo za uongozi utakaoingia.

Lipa ada mapema, na ulipe kama wengine

Ilikuwa Jumamosi, katika bwalo la shule, viti vya plastiki vimepangwa safu nane. Kanali mmoja mstaafu alikuwa amemaliza kujieleza kwa sauti iliyofika mpaka nyuma ya jengo, ambako wapishi walikuwa wanapakua pilau kwenye mabeseni. Dada mmoja mfamasia, aliyemaliza kidato cha nne miaka kumi na tano baada yake, akanyanyua mkono.

“Shikamoo kaka Kanali. Naomba kuuliza, ada ya mwaka jana na ya mwaka juzi ulilipa lini?”

Kanali akamtazama mweka hazina. Mweka hazina akafungua daftari, ingawa alikuwa analijua jibu bila kulifungua.

“Nimekamilisha zote,” akasema Kanali. “Alhamisi.”

Hakuna aliyecheka kwa sauti. Alipata kura kumi na moja.

Kwa hiyo, miezi sita kabla ya uchaguzi, na ikiwezekana mwaka mzima, nenda kwa mweka hazina uombe hesabu yako. Kama una malimbikizo, yalipe kwa njia rasmi ya umoja, yaani akaunti ya benki au lipa namba iliyotangazwa, uombe stakabadhi, na uitunze. Usimpe mtu fedha mkononi. Usitoe pia mchango mkubwa wa ghafla “kufidia miaka niliyokuwa kikosini”. Nia yako inaweza kuwa safi, lakini mkutano utaitafsiri vingine. Kama ulikuwa nje ya nchi kwa kazi na hukulipa, sema hivyo mara moja kwa sentensi moja, ulipe, na usirudie kulieleza.

Katika hatua hiyo hiyo, hakikisha jina lililo kwenye orodha ya wanachama linalingana na lile la shuleni. Wapo waliosoma kwa jina la babu na kuingia jeshini kwa jina la baba, na wapo waliobadili dini wakabadili jina. Kiapo cha kuthibitisha majina na nakala ya cheti humaliza jambo ambalo mpinzani makini angeweza kulifanya pingamizi.

Kaa vikao viwili bila kuzungumza

Hatua hii ndiyo ngumu kuliko zote kwa mtu aliyezoea kuongoza kikao, na ndiyo inayorukwa. Hudhuria mikutano miwili, au mkutano mmoja na shughuli moja, kwa mfano mahafali ya kidato cha nne au siku ya usafi shuleni, ukiwa msikilizaji. Sikiliza watu wanalalamikia nini wakiwa kwenye foleni ya chakula, kwa kuwa ajenda halisi ya umoja hukaa pale. Tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, wakuu wa shule wengi huwatazama wahitimu kwa mambo ambayo ruzuku haiyafikii, iwe ni pampu ya kisima, vitanda vya bweni, mashine ya kudurufu mitihani au choo cha wasichana, na kila mwaka wa wahitimu una mradi wake uliosimama katikati. Mwulize mkuu wa shule, ukiwa umeongozana na kiongozi aliyepo madarakani ili usionekane unampita, ni msaada gani wa wahitimu ulifika na ukatumika, na ni upi ulifika ukakaa stoo. Jibu lake litakufundisha mengi kuliko risala zote za nyuma.

Wasifu: toa kambi, acha kazi

Una haki ya kuitwa kwa cheo chako ukiwa umestaafu, na magazeti yetu yameshazoea kuandika “Kanali (Mstaafu)” au “Brigedia Jenerali (Mstaafu)”. Hata hivyo, ushauri wangu ni kwamba kwenye karatasi ya kura na kwenye kichwa cha wasifu wako, kitu cha kwanza kiwe jina la shuleni na mwaka wa kumaliza, cheo kifuate baadaye ndani ya maelezo. Mpiga kura wa umoja wa wahitimu anamtafuta mtu wa bweni lake, wa mchepuo wake, aliyekimbia naye mchakamchaka alfajiri na kugawana naye kipande cha ugali wa jioni. Kama ulikuwa na jina la utani ambalo halikudhalilishi, litaje. Nimeshuhudia meja mmoja akipata kura za darasa zima kwa sababu tu wasifu wake ulikiri kwamba ndiye aliyekuwa anaitwa “Redio”.

Usivae sare, wala usitumie picha ya sare kwenye kampeni. Sheria zetu haziruhusu raia kuvaa mavazi ya jeshi bila idhini, na wewe sasa ni raia. Hata pale ambapo picha ya zamani isingekuwa kosa, inabeba ujumbe usioutaka: kwamba unaomba kura kwa jina la chombo ambacho hakigombei. Vivyo hivyo kuhusu siri. Wajibu wa kutunza siri za nchi, ambao umewekwa na Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970, hauishi siku unapokabidhi vifaa vyako ghalani. Wasifu hauhitaji majina ya vikosi, idadi ya askari, aina za zana wala mahali zilipo.

Kinachohitajika ni kuigeuza kazi ya jeshi iwe lugha ambayo mwalimu, muuguzi na mfanyabiashara wanaielewa. Tuchukue mfano wa afisa aliyekuwa katika ulinzi wa amani Darfur, nchini Sudan, ambako Tanzania ilipeleka kikosi chini ya UNAMID, ujumbe wa pamoja wa Umoja wa Mataifa na Umoja wa Afrika. Wasifu wake wa kwanza ulisomeka hivi: “Alihudumu kama Afisa Ugavi wa kikosi katika operesheni ya kulinda amani, akitekeleza majukumu ya kilojistiki kwa weledi wa hali ya juu.” Sentensi hiyo haina kosa la sarufi, lakini haimwambii mtu chochote. Tulipokaa naye tukaiandika upya: “Kwa mwaka mzima nilikuwa na dhamana ya chakula, maji na mafuta ya watu waliokaa jangwani, mahali ambapo lori likichelewa siku mbili watu wanakosa maji ya kunywa. Kila lita ilisainiwa ilipoingia na ilipotoka.” Mweka hazina wa zamani aliisoma sentensi ya mwisho mara mbili, akasema: “Huyu tunamhitaji.”

Jambo moja la kuangalia hapa: usijinadi kwa kwata, ukakamavu na “nidhamu ya kijeshi”. Wenzako wengi waliomaliza kidato cha sita kabla ya mwaka 1994 walikwenda JKT kwa mujibu wa sheria, na vijana wengi waliomaliza tangu utaratibu huo uliporudishwa mwaka 2013 wamekwenda pia. Wamelima, wamelala mahangani, wamekimbizwa usiku, na wanajua kwamba nidhamu ya filimbi haijengi maktaba. Wengine watakuambia waziwazi kuwa walitoroka mchakamchaka na leo ni madaktari bingwa.

Ajenda yako iwe makabidhiano

Kama kuna kitu kimoja ambacho afisa mstaafu anacho na umoja wa wahitimu hauna, ni desturi ya kukabidhi. Jeshini hakuna mtu anayeondoka kwenye wadhifa kwa kupungiana mikono. Aliyepo na anayekuja hukaa pamoja, wakahesabu kilichopo kwa kulinganisha na leja, wakaandika kilichopungua na sababu yake, wakasaini wote wawili, na kuanzia saa hiyo lawama ina mwenyewe. Katika miungano ya wahitimu, mweka hazina huhamia mkoa mwingine akiwa na kitabu cha stakabadhi ndani ya begi, katibu hupoteza simu yenye kumbukumbu zote, na mtia saini wa benki hufariki kabla ya jina lake kubadilishwa, akaunti ikafungwa kwa miezi na fedha za ukarabati wa paa zikiwa ndani yake. Miungano mingi niliyoiona ikifa haikufa kwa wizi. Ilikufa kwa sababu kamati mpya iliingia bila kujua kilichopo, ikaanza upya, na watu wakachoka kuchangia jambo lile lile kila baada ya miaka mitatu.

Kwa hiyo, badala ya kuahidi jengo, andika ukurasa mmoja, usizidi, unaoeleza jinsi utakavyoshiriki kuweka utaratibu wa makabidhiano. Ukurasa huo ueleze vitu vitakavyokabidhiwa kila uongozi unapobadilika: katiba na cheti cha usajili; orodha ya wanachama; taarifa za benki za miezi kumi na miwili; daftari la mapato na matumizi pamoja na stakabadhi zake; nywila za barua pepe, na kwenye kundi la WhatsApp angalau wasimamizi wawili; muhuri; mikataba na mafundi; na orodha ya kila kitu ambacho umoja uliipa shule, kikiwa na tarehe na saini ya aliyepokea. Ongeza kwamba msaada wowote kwa shule ya serikali utapita kwa mkuu wa shule na kuingizwa kwenye leja ya vifaa vya shule, kwa kuwa shule hizi ziko chini ya halmashauri, na kiti kisichoandikwa popote ni kiti kisicho na mwenyewe.

Wapo watakaoliona jambo hili kuwa la kikarani. Waache walione hivyo. Mgombea aliyeahidi jengo la maktaba la ghorofa ataulizwa fedha zitatoka wapi, na hatakuwa na jibu. Wewe utaulizwa daftari liko wapi, na utakuwa nalo mkononi, kwa sababu utakuwa umeshachora mfano wa fomu ya makabidhiano na kuichapa nakala ishirini.

Wadhamini wa fomu

Katiba nyingi hudai mgombea adhaminiwe na wanachama hai wawili au zaidi, ambao tusiwachanganye na bodi ya wadhamini niliyoitaja mwanzo. Usiwachukue wote kutoka darasa lako. Tafuta mmoja aliyemaliza miaka kumi au zaidi baada yako, na kama shule ni ya mchanganyiko, hakikisha mwanamke yumo. Mwalimu mstaafu aliyewahi kusoma hapo na kufundisha hapo ni hazina, kwa kuwa anajulikana na vizazi viwili.

Jihadhari na mtu mmoja: yule aliyewahi kuwa chini yako kikosini na ambaye pia alisoma shule hiyo. Atakubali kabla hujamaliza sentensi, na hutajua kama amekubali kwa hiari au kwa mazoea ya “ndiyo afande”. Ukiona lazima umwombe, mwombe kupitia mtu mwingine, umpe siku tatu, na umwambie bayana kwamba akikataa hakuna lililoharibika. Mwenyekiti mmoja aliwahi kuniambia kwamba alimwonea huruma sajenti mstaafu aliyekuja kudhamini fomu mbili za nafasi moja, kwa sababu wagombea wote wawili walikuwa wakubwa zake.

Kuhusu fomu yenyewe hakuna mengi: ijaze kwa mkono mmoja na wino mmoja, ambatanisha nakala ya cheti na stakabadhi za ada, irudishe siku mbili kabla ya mwisho, na uombe isainiwe kuwa imepokelewa.

Kampeni: simu, misiba na makundi

Kampeni ya umoja wa wahitimu hufanywa kwa simu. Panga orodha ya miaka ya kumaliza, kila mwaka utafute mtu mmoja anayesikilizwa na wenzake, umpigie, umwulize kwanza yeye na wenzake wanataka nini, ndipo ueleze unachogombea. Dakika kumi zinatosha. Usianze na mdogo kwa kumwita “kijana”, hata kama umemzidi miaka ishirini. Anaweza kuwa mkurugenzi wa shirika na bado akakuamkia kwa heshima, lakini neno hilo atalikumbuka. Aliyekutangulia shuleni, hata kama alikuwa chini yako kicheo baadaye, ni kaka yako, na shikamoo ni yake.

Namba za simu zina kanuni yake. Orodha ya wanachama ilikusanywa kwa ajili ya shughuli za umoja. Ukiichukua kwa katibu kwa mlango wa nyuma na kuwatumia wote ujumbe wa kuomba kura, unaingia kwenye eneo la Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ambayo msingi wake mmoja ni kwamba taarifa zilizokusanywa kwa kusudi fulani zisitumike kwa kusudi jingine bila ridhaa. Mwombe msimamizi wa uchaguzi atume wasifu wa wagombea wote kwa pamoja. Hiyo ni haki kwenu nyote, na inakuepusha na pingamizi.

Katika kundi la WhatsApp, weka wasifu wako mara moja, jibu maswali kwa sentensi fupi, na usitume ujumbe wa sauti wa dakika saba. Mtu akikukebehi, mwache. Afisa aliyezoea kuheshimiwa hukasirika haraka kwenye kundi, na hasira yake ikishapigwa picha ya skrini, haifutiki.

Neno takrima, yaani kuwakirimu wapiga kura wakati wa kampeni, lina historia yake katika chaguzi za nchi hii. Mahakama Kuu ilivitengua vifungu vilivyoiruhusu katika sheria ya uchaguzi mwaka 2006, na katika umoja wa wahitimu halina nafasi pia. Usinunulie mtu soda kwa jina la kampeni, usilipe ada za watu, usikodi basi la wapiga kura. Msibani nenda kama ulivyokuwa ukienda, na rambirambi itoe kwa kiwango ulichokuwa ukitoa. Kama hukuwa ukienda kabisa, basi kipindi cha kampeni ni cha kuanza kwa kimya, bila kupiga picha.

Siasa za vyama ziache nje ya geti la shule. Ibara ya 147 ya Katiba ya nchi humzuia mwanajeshi aliye kazini kujiunga na chama cha siasa, na kizuizi hicho hakimhusu mstaafu. Uko huru kuwa na kadi ya chama chochote. Lakini wapo wahitimu wenye umri wako wanaokumbuka enzi za kabla ya mwaka 1992, wakati chama kilikuwa na matawi mpaka majeshini, na wapo vijana wanaomshuku kila mstaafu anayegombea kitu chochote kwamba anajipasha moto kwa ajili ya ubunge. Kama una nia hiyo, iseme, kwa sababu itakuja kujulikana tu. Kama huna, sema hivyo ukiulizwa, na usivae shati la rangi ya chama siku ya mkutano.

Dakika tatu mbele ya mkutano

Wagombea hupewa kati ya dakika tatu na tano. Panga tatu. Shusha sauti yako. Bwalo si uwanja wa gwaride, na kipaza sauti kipo. Simama pembeni ya meza, si nyuma yake. Mfano wa maneno ni huu:

“Wenzangu, kaka zangu, dada zangu, na walimu wetu mliopo, shikamooni. Niliingia shule hii nikiwa na sanduku la bati na ndoo moja, nikakaa bweni la pili kutoka kisimani. Baadaye nilifanya kazi jeshini mpaka nikastaafu. Kwa miaka mingi sikuonekana hapa, na kwa hilo nawaomba radhi. Naomba nafasi moja kwenye kamati, kwa kazi moja: kila uongozi unaoingia uukute umoja huu ukiwa umeandikwa. Fomu ninayoipendekeza ipo mezani, kila mtu achukue nakala yake, aikosoe. Kamati mkinipa, mwenyekiti wangu ni yule mtakayemchagua, awe amenitangulia au nimemtangulia. Ahsanteni.”

Zingatia sentensi ya kabla ya mwisho. Hofu kubwa ambayo watu huwa nayo kwa afisa mstaafu, na ambayo kwa adabu hawaisemi, ni kwamba hataweza kuongozwa. Itoe mwenyewe kabla hawajaiuliza.

Jiandae kwa maswali matatu ambayo hayakosi: ulikuwa wapi miaka yote, utapata wapi muda, na je, utatupeleka puta. La kwanza lijibu kwa ukweli, la pili kwa ratiba ya kweli (ukisema “nina muda wote” watajua hujawahi kulima shamba la mstaafu), na la tatu kwa kucheka kwanza.

Siku ya kura

Kabla ya kura kuanza, msimamizi anapaswa kutangaza idadi ya wanachama hai waliopo na kuthibitisha akidi. Asipofanya hivyo, mwanachama mwingine amkumbushe; wewe ni mgombea, na ukianza kuelekeza utaratibu utaonekana umeshajitwalia kiti. Hakikisha una wakala mmoja wa kushuhudia hesabu, kwamba kura ni za siri, na kwamba karatasi zilizochapishwa zinalingana na idadi ya wapiga kura. Msimamizi akikosea, wakala aandike kosa na saa. Malalamiko hupelekwa kwa maandishi ndani ya muda ambao katiba imeweka, na hayapelekwi kundini usiku ule ule.

Matokeo yakitangazwa, shikana mikono na wenzako wote uliogombea nao, ukianza na aliyepata kura chache kuliko wote.

Wiki mbili za kwanza

Ukishinda, anza na benki. Kwa kawaida benki huhitaji muhtasari wa mkutano uliowachagua viongozi, katiba, cheti cha usajili na vitambulisho vya watia saini wapya, kwa hiyo hakikisha muhtasari umesainiwa na mwenyekiti na katibu waliokuwepo kabla watu hawajatawanyika kurudi mikoani. Halafu panga siku ya makabidhiano, mkiwa na kamati ya zamani yote, mchana, shuleni. Msihesabu makosa, hesabuni vitu. Panapokosekana kitu, andikeni “hakikupatikana” na tarehe, bila kumtaja mtu. Nimewahi kuona katibu wa zamani akirudi siku ya pili na boksi la stakabadhi za miaka minne, lililokuwa chini ya kitanda cha mkwe wake, kwa sababu tu siku ya kwanza hakuna aliyemnyooshea kidole. Pelekeni majina ya viongozi wapya kwa Msajili, pamoja na taarifa za miaka iliyorukwa kama zipo.

Ukishindwa, mpe mwenyekiti mpya nakala zote zilizobaki za ile fomu ya makabidhiano, na faili lake kwenye kompyuta pia, umwambie anaweza kuondoa jina lako chini yake. Kisha ulipe ada ya mwaka unaofuata mwezi Januari, pamoja na wengine.